Kibanda cha milimita 15

Jana usiku nabandika soli ya kiatu cha shule cha mwanangu, ile harufu ya supaglu ikanipanda puani na moja kwa moja nikajikuta Upanga, Dar, kwenye fildi yangu ya mwaka wa tatu, ofisi ya wasanifu majengo.

Wiki 8 nzima mimi ni kutengeneza modeli za majengo tu, kuchora hawakunigusisha. Kisu, rula ya skeli ile ya pembe tatu, mauntibodi, yale makaratasi magumu ya kukatia modeli, na jengo la ghorofa 12 kwa skeli ya 1:200, yaani ghorofa ya mita 3 inakuwa milimita 15, na ukikosea kidogo tu huku chini basi kule juu linainama kama mlevi. Miti tulitengeneza kwa sponji la kuoshea vyombo, unalinyofoa, unachovya kwenye rangi ya kijani.

Sasa kwenye kile kiwanja ambapo jengo lingejengwa kulikuwa na mama lishe. Ofisi nzima tulikula pale, hata bosi alikuwa anaagizia sahani. Kwenye michoro hayupo. Usiku wa kuamkia mteja kuja, saa nne hivi, sijui nini kilinipanda, nikakata kibanda: milimita 15 kwa 10, paa ni ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaipiga mikunjo kwa ukucha mpaka ikawa bati kabisa, benchi nikachonga njiti ya kiberiti, tone moja la supaglu, nikakibandika chini ya mwembe wa sponji. Nilikikodolea macho kuliko jengo lenyewe.

Asubuhi bosi akainama.

"Dogo, hii nini?"

"Kwa mama, bosi."

Wala hakufoka. Akakibana kwa kucha mbili, tak, kikang'oka na ngozi ya mauntibodi, pakabaki kidonda cheupe.

"Hapo paking. Weka gari fasta."

Nikaweka gari nne juu ya kidonda. Mteja akasifia miti.

Ningependa kusema nilikuwa namtetea mama, lakini wapi, nahisi nilikuwa najionyesha tu kwamba naweza kukata kitu kidogo vile. Maana mchana ule nilishindwa hata kwenda kula kwake, yeye hajui lolote na mimi nishampaki magari kichwani. Nikawa nazungukia njia ya nyuma, nakula mihogo ya kukaanga mpaka fildi ikaisha, na sahani mbili za wali maharage alizonikopesha sikuwahi kulipa.