Juma la masomo ya mikono nyumbani Goma

Jumatatu anzeni na maharagi, maana yenyewe yanataka juma zima. Loweka punje 6 usiku kucha, kisha uzibane kati ya ukuta wa glasi na pamba yenye unyevu ili mtoto aone kila kitu. Pamba iwe na unyevu tu: maji yakijaa chini, punje inakosa hewa na kuoza, harufu itawaambia. Moja igeuzeni juu chini. Mzizi utajipinda kuelekea chini hata hivyo, na hapo maswali hayaishi.

Jumatano, maji machafu. Kata kitako cha chupa ya lita 1.5, funga kitambaa mdomoni, igeuze, tia makala yaliyopondwa, mchanga laini, halafu kokoto. Makala na mchanga vioshwe kwanza, la sivyo yanatoka maji meusi na mtoto anakata tamaa. Yakitoka meupe bado si ya kunywa: vijidudu vinapita. Mwambieni wazi.

Hesabu ni za mawe, na Goma hayakosekani tangu lava (mawe yaliyoyeyuka) ya volkano Nyiragongo ya 2002 ipite katikati ya mji hadi ziwani. Panga kumi kumi. Matundu yake ni ya gesi iliyonaswa lava ikipoa. Yana makali, kwa hiyo chagueni yaliyolainika.

Kwa wa miaka 5, dakika 20 zinatosha kwa somo moja. Jumamosi pimeni mizizi kwa uzi, kisha uzi kwa rula.