Taa za Krismasi mahali wanyama wanalala nje

Swala pala wa Kisumu hawana chumba cha kulala. Hesabu ya kupamba hifadhi ya wanyama inaanzia hapo, kabla hujafika duka la stima. Bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, ina onyesho la taa za sikukuu tangu 1982, lakini Desemba ya huko ni ya baridi kali, na wanyama wengi wa nchi za joto huwa wameingizwa ndani. Kwenye Hifadhi ya Impala pale kando ya ziwa, jua linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu na swala wako palepale. Giza likikolea, viboko nao hutoka majini kutafuta majani.

Kwa hiyo pamba lango, maegesho, mahali pa kula na njia ya wageni. Upande wa ziwa uachwe na giza lake. Kabla ya kufunga kamba yoyote karibu na uzio, simama upande wa mnyama, inama hadi kimo cha macho yake. Ukiiona balbu yenyewe, igeuze au uikinge. Taa za kumetameta zikae langoni tu, na zote zizimwe na saa ya kujiendesha ifikapo saa tatu. Ukimwachia mtu swichi, atasahau.

Rangi nayo ina sababu. Wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi hufuata zaidi mwanga mweupe unaoelekea buluu. Hawaumi, ila asubuhi utakuta wamelala marundo chini ya taa, wananuka kama samaki, na wageni wanateleza. Nunua taa za njano, kelvini 2700 au chini ya hapo (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: namba ikishuka, mwanga huwa wa njano zaidi). Watapungua, hawataisha, fagio liwe karibu.

Sasa umeme. Kamba ya taa 100 za LED hula takriban wati 6. Zile za zamani za balbu za kioo, takriban 40. Kamba 60 ni wati 360 dhidi ya 2,400, yaani ampea 1.5 dhidi ya 10 kwenye volti 240. Waya wa milimita 2.5 za mraba ukipitisha ampea 10 umbali wa mita 50 hupoteza kama volti 9, na taa za mwisho hufifia. Kwa LED hiyo si shida. Shida ni mwenye mashine ya popkoni anayekuja kuchomeka kwenye ekstensheni ileile! Mpe laini yake. Na ekstensheni ya kuviringisha ifunguliwe yote, kwa sababu waya ulioviringwa hauna pa kutolea joto na huyeyuka ukiwa umezidiwa.

Kila laini ya nje iwe na swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Ikikata kila mvua ya jioni, usiizibe wala kuiruka. Chomoa kamba zote, rudisha moja moja wakati bado kuna unyevu, utampata mkosaji. Mara nyingi ni kiungo kilichofungwa mfuko wa nailoni: maji yanaingia, hayatoki. Kiungo kining'inie juu ya ardhi, mdomo ukitazama chini, kiwe cha daraja la IP44 au zaidi, yaani kinachohimili maji ya kurukia.

Tumbili watajaribu kila kitu. Kupandisha waya juu hakusaidii, juu ndiko kwao. Kinachosaidia ni kutoacha kitanzi cha kushika: funga kila sentimita 30, na waya wa kuleta umeme upite ndani ya paipu. Vile vipande vinavyokatwa kwenye vifungo vya plastiki vitiwe mkebeni papo hapo, kimoja kimoja. Kikidondoka kwenye majani, swala atakimeza pamoja na lishe.

Washa zote siku tatu kabla ya wageni, walezi wa wanyama wakiangalia. Wakiona lishe imebaki, au kundi limejibana upande mmoja wa uzio, zimeni kipande kilicho karibu zaidi na mjaribu tena kesho yake. Kundi lisiporudi, kipande hicho kishushwe, hata kama ndicho kila mtu angepigia picha.