Amboni, hatimaye

Miaka yote nakwenda Tanga kwa shangazi, Mapango ya Amboni nayasikia tu, na ni kama kilomita 8 kutoka mjini! Jumamosi nikaenda. Mapango yapo 10, watalii tunaingizwa moja tu.

Huko ndani mwongozaji akazima tochi, eti tuonje giza. Jamani! Hata kiganja changu sikukiona, nasikia popo tu juu ya kichwa. Maji yamelichonga jiwe la chokaa kwa mamilioni ya miaka. Kuna penye mzimu, watu wanaacha sadaka. Hapo nilipita kimya kabisa.

Kisha kuna mahali pa kutambaa. Suruali nyeupe (sijui nani alinituma) imerudi ya udongo. Shangazi bado anacheka.