Ile 12 ni ya nini?

Leo nimekaa kando ya mwenzangu wa kazini asiyeona, nikamsikiliza akisoma ratiba ya mafunzo niliyoitengeneza kama jedwali kwa HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti. Jana niliitazama nikaridhika kabisa: vichwa vya herufi nene, rangi ya bluu, safu mbili tupu za kuachanisha maandishi ili yasibanane.

Yeye anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti. Akashikilia Control na Alt, akabonyeza mshale wa kulia. "Tupu." Mshale tena. "Safu wima ya 6, 12." Akanigeukia: "Ile 12 ni ya nini? Saa, chumba, au nafasi zilizobaki?"

Nilinyamaza. Mimi jicho langu hupanda juu kwenye kichwa na kurudi chini bila hata kujijua. Yeye hupewa kisanduku kimoja kimoja, na herufi nene haimwambii chochote. Kwa programu ile, "Chumba" lilikuwa neno kama maneno mengine.

Tukarekebisha papo hapo. Vichwa nilivyoviandika kwa td, alama ya kisanduku cha kawaida, nikavigeuza kuwa th, alama ya kichwa, nikaongeza scope, inayosema kichwa kinahusu upande gani: col (safu wima) kwa vichwa vya juu, row (mstari) kwa siku zilizo pembeni. Safu tupu nikazifuta, nafasi nikaiachia CSS, lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa. Kazi kubwa ilikuwa visanduku nilivyoviunganisha. Nilikuwa nimeandika "Alhamisi" mara moja tu, ikatawala vipindi vitatu, na nilipenda ilivyopendeza. Nimeiandika mara tatu. Jicho litaona marudio, lakini anayesikiliza anahitaji kuambiwa yuko siku gani kila anaposhuka.

Kipengele cha 1.3.1 cha WCAG, mwongozo wa kufanya kurasa za wavuti zitumike na watu wenye ulemavu pia, kinadai hilohilo, kwamba uhusiano unaoonekana kwenye ukurasa utambulike na programu pia. Toleo la 2.0 lilitoka 2008, nami nimekuwa nikitengeneza majedwali miaka yote hii. Mengine niliyatuma kama picha, na hayo naona aibu hata kuyataja. Nitayaandika upya.

Akarudi mwanzo, akasoma peke yake. "Chumba, 12." Akashuka kidogo, akasimama, akapanda, akashuka tena.

"Alhamisi umeweka masomo mawili chumba 12," akasema, "na yote saa nne."

Nikaangalia. Kweli. Nilikuwa nimelitazama jedwali lile siku mbili nzima.