Kipimo cha kuazima

Juzi Jumapili umeme ulikatika. Binti yangu akaingia kwenye droo ya chumbani kutafuta betri za tochi, akatoka na kibomba cha plastiki kinachoonyesha, chenye kijiti kama sindano mdomoni.

"Baba, hiki ni cha kuchomea ng'ombe?"

Nikamwambia ni cha kupimia mafuta ya ndege, unayachota kidogo kuona kama yameingia maji. Akakinusa, akasema hakinuki kitu. Nikakinusa na mimi. Kinanuka.

Vijana wakiniuliza nilipataje kazi ya urubani Botswana, huwa najibu "niliomba, nikapata", kisha nageuza mazungumzo. Leo acha niseme.

Ilikuwa 2011. Nina leseni ya urubani wa biashara na masaa 214 ya kuruka. Wa fani wanaelewa: 214 ni mtoto anayetambaa. Dar nilizunguka ofisi zote za uwanjani, na kila meza swali ni lile lile, una masaa mangapi? Huyu anataka 500, yule 1,000. Sikuwalaumu, bima ndiyo inayowabana. Ila masaa yanapatikana kazini, na kazini huingii bila masaa. Baba alishauza kiwanja cha Pongwe, ukoo ulichangia kama harusi, na kila nikirudi Tanga shangazi ananipokea mlangoni: "Rubani wetu, ndege umeiegesha wapi?" Anacheka, lakini mchango wake ulikuwa laki tatu na hajausahau.

Nikapanda basi. Tunduma, Lusaka, Kazungula tukavuka Zambezi kwa pantoni, maana daraja halikuwepo bado. Nikafika Maun, kaskazini mwa Botswana, na begi moja na nakala arobaini za CV.

Maun ni mji wa mchanga na punda. Punda wanasimama katikati ya lami kama waliojenga wao. Kaskazini yake ndiyo Delta ya Okavango: maji yanatoka nyanda za juu za Angola, yanatembea taratibu mpaka yanafika huku mwezi wa sita, wa saba, mvua imeshasahaulika. Kambi za watalii ziko visiwani humo, na nyingi huzifikii ila kwa ndege. Basi wakati huo kampuni zilikuwa zinarusha ndege ndogo, Cessna 206 na 210, injini moja, rubani mmoja, watalii watano na mabegi yao laini, dakika ishirini, unatua kiwanja cha udongo, unapakia wengine. Vijana wanachukua masaa yao wanaondoka kwenda mashirika makubwa, na kila msimu pengo linabaki. Ndiyo maana vijana wa dunia nzima wanahamia pale na mahema yao, Waafrika Kusini, Waingereza, Wajerumani, kila mtu na shati moja jeupe alilolihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni.

Kazi yenyewe ya kutafuta kazi ni kuonekana. Jumatatu unapita ofisi zote: "Dumela, rra", unasalimia, unacheka, unaondoka. Jumatatu inayofuata tena. Rubani wao akiugua malaria au akiitwa kwao ghafla, atatafutwa wa karibu, hata kama wa mbali anajua zaidi.

Nilikaa wiki saba. Hema nilichangia na kijana wa Zambia, mtu wa Ndola, mwenye masaa 260 na mdomo mtamu kuliko wangu. Tulikuwa kando ya mto Thamalakane, usiku viboko wanakoroma. Asubuhi tulikula magwinya, maandazi yao yale makubwa yasiyo na iliki, ya pula moja moja. Pula ndiyo hela yao, na kwa Kitswana ni mvua, na mifukoni mwetu ulikuwa ukame. Simu yangu iliibiwa wiki ya pili, kwa hiyo CV zetu wote wawili zikawa na namba moja. Yake.

Wiki ya saba aliitwa Gaborone, mji mkuu, kufanya mtihani wa sheria za anga, ili leseni yake ikubaliwe kule. Mimi wangu nilishaufanya. Basi ni la usiku, safari ya kwenda na kurudi siku tatu. Tukajadili simu, akasema yeye mwenyewe: ibaki Maun, kazi ndiko iliko. "Wakinipigia, waambie Ijumaa niko hapa." Nikamwambia usijali, ndugu yangu.

Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, simu ikalia.

Ilikuwa juu ya kiatu changu. Usiku mvua ilinyesha, turubai lilikuwa limelala usoni pangu kama nguo mbichi, na nilipokaa maji yakanidondokea shingoni. Niliiangalia ikitetemeka juu ya kile kiatu. Namba ya mezani, ya Maun. Sauti ikawa ya mzee mmoja niliyemfahamu, rubani mkuu wa kampuni ambayo sitaitaja, mtu aliyekuwa akipokea CV zetu bila kuinua macho.

"Wewe ndiye yule kijana wa kutoka huko juu?"

Huko juu. Zambia iko juu ya Botswana. Tanzania iko juu ya Zambia.

Nakumbuka nilisikia punda. Nakumbuka begi la mwenzangu pembeni, na juu yake taulo alilolianika. Nilikuwa na muda wa kuuliza "unamtaka nani, mzee?" Maneno matatu. Siwezi kusema muda haukuwepo, kwa sababu hata leo naweza kuuhesabu.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

"Uko Maun sasa hivi?"

"Niko."

"Nusu saa."

Nikavaa shati. Nikatafuta kipimo cha mafuta, nikakumbuka sina. Mwenzangu alikuwa nacho, kwenye mfuko wa pembeni wa begi lake, kimekwaruzwa herufi mbili za jina lake kwa kisu. Nikakichukua. Nilijiambia ni kuazima.

Uwanjani mzee akanielekeza kwenye 206 moja na kusema, kagua. Nikaingia chini ya bawa, nikasukuma kile kijiti kwenye valvu, petroli ikaingia kipimoni na nyingine ikanitiririka mkononi mpaka kwapani, baridi kama barafu, harufu tamu tamu. Petroli ya ndege hizi ni ya buluu. Nikainua kipimo nikitazama mbinguni: chini kabisa, ndani ya buluu, limekaa tone moja lisilo na rangi, duara, kama ushanga. Maji ya mvua ya usiku. Nikamwaga, nikachota tena, ushanga mdogo zaidi. Mara ya tatu buluu tupu. Mzee alikuwa nyuma yangu muda wote.

"Angalau wewe una chako," akasema. "Wenzako wanakuja mikono mitupu."

Sikujibu.

Kuruka tuliruka. Maun yenyewe iko futi 3,000 na ushei, jua likishapanda hewa inakuwa nyepesi na ndege inakimbia mbali zaidi kabla haijakubali kuinuka. Kule kisiwani nilipita chini chini kwanza kufukuza swala kiwanjani, nikazunguka, nikatua vibaya kidogo, nikatua tena vizuri. Kuhusu kibali cha kazi nisiwachoshe, karatasi zilichukua wiki nyingi lakini mzee alishasema ndiyo.

Ijumaa mwenzangu alishuka basi na vumbi la Francistown usoni. Mtihani amefaulu.

"Walipiga?"

"Walipiga."

"Walimtaka nani?"

"Hawakutaja jina."

Na kweli hawakutaja. Alinitazama, akatazama shati langu lililoanikwa kwenye kamba, lina doa la buluu kwenye mkono. Akakaa juu ya begi lake. Halafu akauliza kama nimenunua magwinya.

Mzee sikumuuliza kamwe alikuwa anampigia nani. Miaka miwili nilimfanyia kazi, tumekunywa chai mara ngapi, swali liko mdomoni, nalimeza. Huenda ni mimi kweli. Huenda hata yeye hakujua, alisoma namba tu. Siku tisini alizoruhusiwa mwenzangu kukaa nchini zikaisha, akarudi Ndola. Mara ya mwisho kusikia habari zake alikuwa anauza bima ya magari. Bima, jamani.

Binti yangu alikuwa bado anakigeuza kile kibomba kwenye mwanga wa tochi.

"Hizi herufi si za jina lako."

"Si zangu. Niliazima."

"Utarudisha lini?"

Nikamwambia aende akapige mswaki.