Sindano ndani ya mfuko mweusi

Wakati huo nilikua mwanafunzi nafanya atachmenti, yaani mafunzo ya kazi, kwa zahanati moja hapa Lamu, sitaitaja jina, na taka zetu zikichukuliwa na punda kama taka za nyumba zingine zote, manake vichochoro vya Mkomani gari haiingii.

Asubuhi hiyo ami mwenye punda akaja mapema, akautupia mfuko mweusi begani kama kawaida yake, mara nikasikia "ah!" akaushusha. Sindano haina kifuniko imetokeza kwenye plastiki, imempata chini ya bega na shati lina doa la damu kama punje ya mtama.

Mfuko mweusi ni wa makaratasi na maganda ya ndizi jamani. Pamba zenye damu zaenda kwa mfuko wa njano, na sindano haiingii mfuko wowote, ikishatumika ni moja kwa moja kwa sefti boksi, lile boksi gumu la kutupia sindano, bila kuirudishia kifuniko, na boksi likifika robo tatu lafungwa. Letu lilikua limejaa mpaka mdomoni tangu juzi yake, jipya halijatolewa stoo, basi kuna mtu akaona atupe tu popote.

Watu wakajaa, huyu asema kamua damu itoke yote, yule kaja mbio na Jiki ya kufulia nguo. Nikawaambia hapana, hakamuliwi wala hatiwi Jiki, nikampeleka mferejini nikamuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Yeye ananiambia mwanangu si kitu, mimi miba hunidunga kila siku. Nikamwambia ami, miba haina damu ya mtu.

Ile sindano hatukujua imetoka kwa nani. Ikiwa ni ya mwenye ukimwi, hatari ni kama 0.3 kwa mia, lakini homa ya ini B kwa mtu hajachanjwa yaweza kufika 30 kwa mia, na ami hakuwahi kuchanjwa. Sisi wanafunzi tulichanjwa dozi zote 3 kabla ya kukanyaga wodi, na mifuko anabeba yeye!

Punda tukamuachia kijana wa jirani, tukaenda hospitali kutafuta PEP, dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi visimshike mtu, ambayo ni lazima ianze ndani ya masaa 72, na mapema ndio bora, halafu humezwa siku 28. Mezani wakauliza huyu ni stafu wa wapi, fomu ya ajali ni ya stafu. Si stafu wa popote, alipwa kwa safari. Tukakaa kwa benchi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, ndipo daktari mmoja akatoka akasema mtu ameshadungwa, mpeni dawa, fomu mtajaza baadaye. Mungu amjaze kheri.

Vipimo vya wiki 6 na vya miezi 3 vyote vikatoka safi, alhamdulillahi, na chanjo akamaliza. Kule zahanati boksi jipya lilitoka stoo siku ileile, kumbe yalikuwepo. Nikaomba ami anunuliwe glavu nene na buti, nikajibiwa yeye si stafu wetu.