Uzi ulipokatika Smith Square

Ilikuwa Novemba, mwaka wangu wa saba London bila kukanyaga Unguja, makaratasi yangu yamekwama huko yalikokwama na miye nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mmoja wao alikuwa bibi wa miaka 80 na ushee, mwalimu wa fidla mstaafu, yuko kwenye kiti cha magurudumu lakini konsati hakosi. Siku hiyo mwenzangu wa zamu aliumwa, bas nikapigiwa simu mchana nimpeleke miye.

Tukaenda St John's Smith Square, pale Westminster, kanisa la zamani lilimalizika kujengwa 1728, vita vikaja likapigwa bomu 1941 likaungua, na tangu 1969 ni ukumbi wa muziki. Ndani minguzo mikubwa kweli. Nje baridi ya kukata masikio, ukiingia tu unapokewa na joto kavu la hita, na hilo joto ndo lililoleta mambo baadae.

Tukiwa tunavua makoti bibi akaniambia leo wanapiga vyombo kama vya enzi za Haydn mwenyewe, yule mtunzi wa muziki wa Austria wa karne ya 18, na nyuzi ni za utumbo. Nikamuuliza utumbo gani? Akasema wa kondoo, unasafishwa, unasokotwa ungali mbichi, unakaushwa, ndo uzi huo. Nilinyamaza. Baba yangu kapiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, kwenye taarab zaidi ya miaka 30, mi nimekua nalala chini ya kile chombo wakati wa mazoezi, na siku zote alikuwa akisema "chuma kinalia mwanangu, utumbo unasema," na miye nikimwona ni mzee tu anayesifia vya zamani, maana nyuzi za utumbo mwenyewe nilikuwa sijawahi kuzisikia hata siku moja.

Wakaanza na Mozart, mtunzi mwingine wa enzi hizo, simfonia namba 29, yaani utungo mrefu wa bendi nzima, kaiandika Salzburg 1774 akiwa na miaka 18. Watu kama 25 hivi, wengi wamesimama, hamna mtu wa kuwapungia kijiti mbele, yule wa fidla ya kwanza anawaongoza kwa kichwa na kwa pumzi. Niliwakodolea sana wa pembe, shaba imejikunja duara na haina kitufe hata kimoja, mtu anatafuta sauti kwa midomo na kwa mkono alioutia mle ndani ya mdomo wa pembe. Na sauti ya wote pamoja si kubwa, inabidi uiendee, lakini ukishaifikia unasikia kila mmoja anasema nini.

Halafu ikaja koncheto ya selo ya Haydn, ile ya C, yaani utungo wa selo moja mbele na bendi nyuma yake. Jamaa wa selo akakaa karibu sana na sisi, tulikuwa pembeni mbele kwa ajili ya kile kiti cha bibi. Selo yake haina kile chuma cha chini cha kuchomeka sakafuni, kaibana kwa mashavu ya miguu tu. Akavuta upinde. Wallahi nilishtuka. Mwanzo wa kila noti kuna mkwaruzo mdogo, kama mtu anasafisha koo kabla ya kusema, halafu sauti inafunguka, nene, ina nyama. Nilimsikia baba. Si selo yake, ile sauti aliyokuwa anaieleza.

Hii koncheto yenyewe ina habari yake. Haydn aliiandika miaka ya 1760 kwa ajili ya Joseph Weigl, mpiga selo wa bendi ya mwinyi wao Esterházy, halafu ikapotea kabisa, mpaka 1961 mtu anaitwa Oldřich Pulkert akazikuta karatasi zake kwenye makumbusho ya taifa ya Prague, na 1962 Miloš Sádlo akaipiga. Karibu miaka 200 watu wamezaliwa wamekufa hawaijui. Nyimbo ngapi za kwetu zimezikwa na wenyewe kwa sababu hakuna aliyeziandika popote, baba anaweza kukutajia kumi kwa pumzi moja.

Sehemu ya kwanza iko karibu kwisha, nikaona ule uzi wa juu kabisa umetoa vinyweleo pale upinde unapopita, vinang'aa kwenye taa, nikataka kumwambia bibi na kabla sijafungua mdomo, pwa! Umekatika, ncha yake ikajikunja kama ndevu za kambare. Jamaa akasimama, akainamisha kichwa, akatoka na selo yake. Ukumbi kimya, hakuna aliyecheka. Akarudi baada ya dakika chache na uzi mpya, wakaanzia nyuma kidogo wakaimaliza ile sehemu.

Sasa uzi mpya wa utumbo hautulii, unanyooka tu kila ukiukaza, na kwa joto lile ndo kabisa. Inakuja sehemu ya pili, ya polepole, obo, zile zumari zao, na pembe zimenyamaza, nyuzi peke yake zinapiga, na yeye kainamisha sikio mpaka limegusa shingo ya selo, kidole gumba kinadonoa uzi taratiibu na mkono mwingine unakaza kigingi, anakaza anasikiliza, anakaza anasikiliza. Kisha akaingia, noti moja ndefu, kaishikilia tu huku wenzake wanauanza ule wimbo upya chini yake, na nikasikia noti inataka kuteleza kushuka na kidole chake kinaipandisha, unywele kwa unywele. Hapo machozi yakanitoka. Baba alikuwa akifanya vile vile msimu wa masika, unyevu umeingia kwenye mbao, muimbaji yuko kwenye ubeti na yeye sikio kwenye shingo ya selo, halafu anaingia pale pale panapotakiwa.

Baada ya mapumziko wakapiga simfonia namba 45 ya Haydn, ya kuagana. Mwaka 1772 mwinyi Nikolaus Esterházy aliwakawiza wanamuziki kwenye jumba lake la mashamba kule Hungaria, wake zao na watoto wako mjini Eisenstadt, na yeye hana habari ya kuondoka. Haydn akatunga mwisho ambao kila mtu anamaliza kipande chake, anazima mshumaa, anaondoka. Pale walizima vitaa vya kwenye stendi. Wakatangulia wa obo mmoja na wa pembe mmoja, wengine nyuma yao, wa besi, ile fidla kubwa kuliko zote, akapiga kipande chake kirefu akaenda, na yule jamaa wa selo, ambaye sasa alikuwa kakaa na wenzake nyuma, akaibeba selo kifuani kama mtoto aliyelala akatoka nayo. Zikabaki fidla mbili kwenye giza. Bibi akaninong'oneza, "Siku ya pili yake wakaruhusiwa kwenda kwao."

Wiki ile nikanunua uzi mmoja wa utumbo wa selo, ule wa juu, nikampa mtu anayesafiri Unguja. Baada ya siku kumi ikaingia voisi ya baba Watsapu. Hata salamu hamna, nasikia feni, nasikia kigingi kinalia kriii, anadonoa, anakaza, anadonoa tena, dakika nzima hivyo. Kisha akapiga mwanzo wa bashrafu, ule muziki wa taarab usio na maneno, akasimama katikati, akasema, "Unashuka huu, ngoja," akaanza kukaza tena.